Bastola ya kwanza ya kulinda nyumba ukiwa na bajeti ndogo: tuongee hela iende wapi

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Swali hili halikauki: "Nina hela kiasi fulani, ninunue bastola gani ya kuweka ndani?" Majibu yake huwa ni majina ya chapa tu, kila mtu akiitetea aliyonayo. Naandika kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kumiliki silaha, kipato chake ni cha kawaida, na sheria ya mahali alipo inamruhusu. Kama bado huna leseni, anzia huko. Haya ya chini yanamhusu mwenye karatasi zake mkononi.

Msimamo wangu nauweka mapema. Bastola isile zaidi ya nusu ya fedha ulizotenga. Nusu inayobaki ni ya sefu ndogo inayofunguka haraka, mafunzo, na risasi za mazoezi. Anayemaliza bajeti yote dukani anarudi nyumbani na chuma asichojua kukitumia na asicho na pa kukifungia. Mtu huyo ni hatari kwa familia yake kuliko kwa mwizi.

Nianze na risasi, maana ndizo zitakazoendelea kula hela yako baada ya bastola kulipiwa. Chukua 9x19mm, ambayo wengi huiita 9mm Parabellum au Luger. Aliibuni Georg Luger mwanzoni mwa miaka ya 1900, na leo majeshi na polisi wa nchi nyingi wanaitumia. Kwa mwenye bajeti ndogo maana yake ni kwamba inatengenezwa kwa wingi mno, hivyo mara nyingi ndiyo nafuu kuliko risasi nyingine za bastola zenye nguvu ya kutosha kujilinda. Ile ya .380 ACP ina ganda fupi na nguvu pungufu, lakini boksi lake mara nyingi ni ghali kuliko la 9mm. Za .40 na .45 zinapiga teke zaidi na zinagharimu zaidi. Ya .22 LR ni nafuu sana kwa mazoezi, ila kiwashio chake kimo kwenye ukingo wa kitako cha ganda badala ya katikati, na risasi zinazokataa kuwaka ni nyingi zaidi. Sitaki risasi inayokataa kuwaka saa nane za usiku.

Sasa ukubwa. Watu wengi wanaonunua kwa mara ya kwanza huvutiwa na bastola ndogo, nyepesi, inayoenea kiganjani. Kwa nyumbani ni chaguo baya. Bastola nyepesi inapiga teke zaidi kwa risasi ileile, mpini mfupi unaacha kidole kidogo kikining'inia, na vilengeo vikikaribiana, kosa dogo la mkono linakuwa kubwa kwenye shabaha. Bastola ndogo zilitengenezwa kwa ajili ya kufichwa chini ya nguo. Wewe humfichi mtu kitu chumbani kwako. Tafuta saizi ya kati au kamili, mtutu wa kama milimita 100 hadi 115. Glock 19 ina mtutu wa milimita 102 na Glock 17 ina wa milimita 114. Vitumie kama kipimo cha macho hata kama hununui Glock.

Kuhusu chapa nitasema kidogo tu. Tangu jeshi la Austria lipitishe Glock 17 mwaka 1982, bastola ya fremu ya plastiki ngumu isiyo na nyundo ya nje ndiyo imekuwa mtindo wa kawaida, na karibu kila kiwanda kina ya kwake. Ukiwa na bajeti ndogo, Taurus za Brazil na Canik za Uturuki zimepata watumiaji wengi kwa sababu ya bei. CZ 75 ya zamani ya chuma ikiwa katika hali nzuri ni bastola ya kukaa nayo maisha. Wapo pia wanaouliza kuhusu Hi-Point ya Marekani, ambayo huwa chini kabisa kwenye orodha ya bei. Slaidi yake (sehemu ya juu inayorudi nyuma kila unapofyatua) ni ya aloi ya zinki, na haina mfumo wa kufunga mtutu; ni uzito wa slaidi na springi tu unaozuia ganda lisirudi nyuma mapema. Ndiyo maana ni nzito na nene vile. Inafanya kazi, lakini kwa hela hiyohiyo ningetafuta iliyotumika ya daraja la juu.

Iliyotumika ndiyo siri ya mwenye hela kidogo. Idara za polisi zikibadilisha silaha, katika nchi zinazoruhusu, zile za zamani huuzwa kwa raia kupitia mawakala wenye leseni. Bastola hizo zimevaliwa kiunoni miaka mingi na kufyatuliwa mara chache. Utaona rangi imekwaruzika mdomoni na pembeni kwa sababu ya ala, ukiifungua ndani unakuta reli na mtutu viko safi. Mikwaruzo hiyo inashusha bei na haigusi kazi.

Ukiikagua, toa magazini (kasha la risasi) kwanza, kisha vuta slaidi nyuma, angalia chemba, yaani pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kwa macho na uiguse kwa kidole. Kwa mpangilio huo. Ukivuta slaidi magazini ikiwa bado ndani, unaitoa risasi moja na kuingiza nyingine, halafu unajiaminisha kwamba iko tupu. Baada ya hapo mulika tochi ndani ya mtutu: mistari ya mzunguko ionekane wazi, na pasiwe na pete nyeusi iliyovimba. Pete hiyo ni dalili kwamba risasi ilikwama humo na nyingine ikafyatuliwa nyuma yake. Tazama slaidi kama ina ufa karibu na tundu la kutolea maganda. Mwisho angalia midomo ya magazini. Ikiwa imepinda au imepasuka, risasi zitakwama, na watu wengi hulaumu bastola wakati tatizo ni magazini.

Ukishainunua usiiamini bado. Ipeleke uwanja wa shabaha, upige risasi kama mia mbili za kawaida, kisha boksi moja la zile utakazoweka nyumbani. Ikikwama, tafuta sababu kabla ya kuitegemea.

Karibuni.

#2

Mkuu, uzi mzuri, ila umeiruka rivolva. Baba yangu mdogo alikaa na ya .38 maisha yake yote na hakuwahi kusumbuka na magazini wala springi. Risasi isipowaka unavuta triga tena, silinda inazunguka inakuja nyingine. Kwa mtu asiye na muda wa mazoezi, hiyo si bora zaidi?

#3 – Mleta uzi

Ndugu, hoja yako ina uzito na sikuiruka kwa dharau. Rivolva ina sifa ambayo bastola ya magazini haina: inaweza kukaa imejaa miaka bila springi yoyote ya kusukuma risasi kubanwa, na kuangalia kama ina risasi ni kufungua silinda tu. .38 Special ipo tangu 1898 na inatosha kwa kazi hii. Smith & Wesson Model 10, ambayo mwanzo wake ni 1899, imetengenezwa kwa mamilioni. Ukiipata iliyotunzwa, chukua.

Ninapotofautiana nawe ni hapo kwenye "asiye na muda wa mazoezi". Triga ya rivolva ikivutwa bila kukoki nyundo huhitaji nguvu ya kama kilo tano, wakati bastola nyingi za kisasa za magazini zinahitaji kama nusu ya hapo. Mtu asiye na mazoezi akivuta kilo tano, ncha ya mtutu inatembea, na risasi inakwenda kando. Una risasi tano au sita tu, na kujaza tena gizani mikono ikitetemeka ni kazi. Kwa hiyo rivolva ni rahisi kuielewa na ngumu kuipiga vizuri. Zile fupi za mtutu wa inchi mbili ndizo ngumu kuliko zote, na ndizo wauzaji huwapa wanaoanza. Ukienda njia ya rivolva, chukua ya saizi ya kati, mtutu wa inchi nne, ya chuma.

Kukagua iliyotumika: hakikisha silinda ni tupu, ifunge, vuta triga polepole ukiwa umeelekeza mahali salama, na uishikilie hapo. Silinda itikisike kidogo sana au isitikisike kabisa. Rudia kwa kila tundu. Kama kuna tundu ambalo nyundo inaanguka kabla silinda haijajifunga sawasawa na mtutu, iache. Risasi itakwangua ukingo wa mtutu na vipande vya risasi vitaruka pembeni.

#4

Nashukuru kwa elimu. Swali langu: nina watoto wawili, mmoja ana miaka minne na mwingine kumi na moja. Kwenye majadiliano mengine wanasema weka juu ya kabati wasipofika. Na sefu ikifungwa si nitachelewa?

#5 – Mleta uzi

Dada (au kaka, unisamehe), kwako nitaandika kirefu.

Juu ya kabati si mahali pa kuhifadhia silaha. Chini ya godoro, kwenye droo ya soksi, ndani ya begi la safari, kote huko watoto wanapajua. Mtoto wa miaka kumi na moja ameshaipekua nyumba yako yote mchana ukiwa kazini. Kumficha silaha si sawa na kuifungia silaha yenyewe, na uchunguzi mwingi wa majeraha ya watoto unaonyesha kwamba nyumba ambazo silaha hufungiwa huwa na ajali chache.

Kuna la pili ambalo watu hawapendi kulitaja, na mimi naona lisipotajwa uzi huu hauna maana. Silaha ndani ya nyumba huua wenyeji wake zaidi kwa kujiua kuliko watu wanavyodhani. Utafiti mkubwa uliofanywa California na kuchapishwa mwaka 2020 uliwafuatilia mamilioni ya watu wazima, ukakuta wanaume wenye bastola walikuwa na hatari ya kujiua kwa silaha karibu mara nane ya wanaume wasio nayo, na kwa wanawake ilikuwa zaidi ya mara thelathini. Kujaribu kujiua kwa silaha huishia kwenye kifo karibu mara tisa kati ya kumi, hakuna nafasi ya kubadili mawazo. Kwa hiyo kama nyumbani kuna mtu yeyote anayepitia huzuni nzito, ulevi, au ndoa yenye ugomvi wa kupigana, jibu langu kwa swali la "bastola gani" ni usiiweke ndani ya nyumba hiyo kwa sasa. Kama ipo tayari, itoke ikahifadhiwe kwingine kwa njia inayokubalika kisheria. Naomba hili lisisomwe kama tahadhari ya kupitia haraka.

Turudi kwenye sefu. Ya kutosha bastola moja si ghali. Chagua yenye vitufe vya kubonyeza vya kimakanika, visivyotumia betri, au ya kielektroniki yenye ufunguo wa akiba. Zile za alama ya kidole hukataa kidole chenye jasho, mafuta au jeraha. Kama unaipenda, iwe na vitufe pia. Ifunge kwa skrubu kwenye ukuta au fremu ya kitanda kizito, maana sefu ndogo isiyofungwa mwizi anaibeba kama ilivyo. Ufunguo wa akiba usikae nyumba hiyohiyo mahali mtoto anapopajua, na namba za siri zisiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtu yeyote wa familia.

Kuchelewa? Fanya zoezi la kuifungua ukiwa umezima taa, bastola ikiwa tupu, mpaka mikono izoee. Ni sekunde chache. Ndani ya sefu, kwa mtu anayeanza, mimi napendekeza magazini iwe imejaa na imo, chemba ikiwa tupu.

Na huyu wa miaka kumi na moja, zungumza naye. Akiona silaha popote, kwenu au kwa rafiki yake: asiiguse, aondoke, amwambie mtu mzima.

#6

Kwa heshima zote, bado naona mmeanzia mwisho. Mlango imara, komeo la maana, taa ya nje na mbwa vitazuia mengi kabla hata bastola haijatajwa.

#7 – Mleta uzi

Mkuu, hapo hatupingani hata kidogo. Kabla ya kununua chochote nilichotaja, angalia fremu ya mlango wako. Milango mingi haivunjiki kwenye kitasa, inavunjika pale bamba la komeo lilipogongewa skrubu fupi kwenye mbao nyembamba. Skrubu ndefu zinazofika kwenye ukuta au nguzo yenyewe ni kazi ya jioni moja na hela ndogo mno. Mlango unaochukua dakika moja zaidi kuvunjika unakupa dakika ya kuamka, kukusanya watoto chumba kimoja na kupiga simu.

Na huo ndio mpango wa kutumia bastola nyumbani: familia nyuma yako, mlango wa chumba umefungwa, simu iko hewani na polisi, wewe hutoki. Kuzunguka nyumba gizani ukimtafuta mtu ni kumpa yeye nafasi ya kukuona kwanza, na ni njia ambayo watu wamewapiga risasi watoto wao waliokuwa wanakwenda kunywa maji. Weka tochi nzuri kando ya sefu. Taa ni lazima, maana huruhusiwi na dhamiri wala sheria kupiga kitu usichokitambua.

Fikiria pia ukuta. Risasi ya 9mm inapita kuta kadhaa za mbao za jasi na bado inaua upande wa pili. Zenye kichwa kilichotobolewa hufunguka zikigusa mwili na kupunguza mwendo. FBI, shirika la upelelezi la Marekani, hupima risasi za kazi kwa kutaka zizame kati ya inchi 12 na 18, yaani kama sentimita 30 hadi 45, kwenye jelatini maalumu. Zilizofunikwa shaba yote hupitiliza. Nchi kadhaa zimezuia raia kutumia zilizotobolewa, kwa hiyo soma sheria yako. Lakini zote mbili zikikosa shabaha hupita ukuta wa jasi. Jua watoto wanalala upande gani na jirani yuko upande gani, mchana, ukiwa umetulia.

#8

Mama yangu anaishi peke yake, ana umri mkubwa na vidole vina maumivu. Leseni anayo. Hawezi kabisa kuvuta slaidi. Je, ndiyo rivolva?

#9 – Mleta uzi

Pole kwa mama. Kwanza jaribuni namna ya kuvuta: bastola iwe karibu na kifua, mtutu uelekee mbele salama, kiganja chote kishike slaidi kwa juu, halafu mkono wenye mpini usukume mbele kwa nguvu huku mwingine ukishikilia. Wengi wanaodhani hawana nguvu walikuwa wanabana slaidi kwa vidole viwili.

Ikishindikana, zipo zilizotengenezwa kwa ajili hiyo. Smith & Wesson walitoa Shield EZ mwaka 2018, ya .380 kwanza kisha ya 9mm, na slaidi yake ni laini kuvuta. Beretta wana bastola kadhaa ambazo mtutu wenyewe huinuka upande wa nyuma, unaweka risasi moja kwa mkono bila kuvuta slaidi. Rivolva kwa vidole vyenye maumivu ninaiogopa kwa sababu ya ile triga ya kilo tano. Kabla ya kulipa, mama mwenyewe ashike, avute, abonyeze. Usimnunulie kama zawadi ya kushtukiza.

#10

Mkuu, kuna jamaa ananipa Tokarev kwa bei ya chini sana. Na mwingine ana ile ya kengele, ya kupiga mlio tu, iliyotobolewa mtutu ipige risasi za kweli. Ipi afadhali?

#11 – Mleta uzi

Ya pili, kimbia. Bastola za kengele hutengenezwa kwa chuma laini kisichokusudiwa shinikizo la risasi halisi, na mtutu ukipasuka vidole ni vyako. Zaidi ya hapo, karibu kila nchi inaihesabu kuwa silaha haramu, na hujui imeshatumika kwenye tukio gani. Vivyo hivyo kwa yoyote iliyofutwa namba. Bei nafuu ya silaha ya namna hiyo utailipa mahakamani.

Tokarev TT-33, kama ina namba, karatasi na inahamishwa kwako kisheria, ni bastola halisi ya kijeshi. Lakini kwa nyumba siipendi. Za asili hazina kitufe cha usalama, zina nafasi ya nusu ya nyundo tu, ambayo ikichakaa si ya kuaminika. Risasi yake ya 7.62x25mm ni nyembamba, ina kasi kubwa na inapenya sana, kwa hiyo yale ya kuta niliyosema hapo juu yanakuwa mabaya zaidi. Makarov, iliyopitishwa na Wasovieti mwaka 1951, ni tulivu zaidi na ina usalama mzuri, ila inatumia 9x18mm. Hiyo si sawa na 9x19mm na hazibadilishani, hata kama muuzaji atakuambia "zote ni 9".

Jambo la mwisho kwa mnaonunua risasi za zamani za kijeshi kwa sababu ni rahisi: nyingi zina viwashio vyenye chumvi inayovuta unyevu, na mtutu unaweza kuanza kushika kutu usiku uleule. Mafuta peke yake hayaondoi chumvi. Fungua bastola, osha mtutu kwa maji ya moto, kausha kabisa, safisha kama kawaida, kisha ndiyo upake mafuta. Fanya siku hiyohiyo, usisubiri wikiendi.